Je, Wajua? Mkono Watetemeka, Kesi Iko Shingoni

Chukua karatasi moja ya daftari la mtoto. Mwambie mzee wako anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vitazame chini, vidole viachane, kisha ilaze karatasi juu ya vidole vyake. Ikianza kutikisika upesi upesi, kwa mtetemo mwembamba ambao macho matupu hayakuuona, daktari huanza kuishuku tezi ya shingo kwamba inafanya kazi kupita kiasi. Sasa mwambie aishushe mikono aipumzishe mapajani, na umletee mazungumzo mengine kabisa: bei ya mahindi, mechi ya jana. Mkono mmoja ukianza kucheza wenyewe hali umepumzika, gumba likisuguana na kidole cha shahada kama mtu anayevuta tasbihi, kisha ukatulia pale anapounyoosha kuchukua kikombe, huo ni mtetemo wa namna nyingine. Ndio unaojulikana zaidi katika ugonjwa wa Parkinson.

Jaribio hili halitoi hukumu, linaonyesha tu pa kuanzia. Shida ni kwamba mara nyingi hakuna anayelifanya. Mikumi, kama ilivyo Kilosa mjini au kijiji chochote kando ya barabara kuu ya Iringa, mzee akitetemeka jibu liko tayari: uzee huo. Akipooza mwendo, akapunguza maneno, akaacha kwenda kijiweni, jibu ni lile lile. Kumbe huenda ni Parkinson, huenda ni tezi, huenda ni sonona, na wakati mwingine ni yote matatu ndani ya mtu mmoja.

Je, wajua kuwa bondia Muhammad Ali alipewa dawa ya tezi miaka minne kabla ya kuambiwa ana Parkinson?

Wengi wanakumbuka Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, George Foreman alipokwenda chini. Wachache wanakumbuka kwamba Februari 1980 Ali alitua Dar es Salaam. Hakuja kupigana. Rais Jimmy Carter wa Marekani alikuwa amemtuma azishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, kwa sababu majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Waandishi wa habari nao wakambana: mbona Marekani haikuiunga mkono Afrika ilipoisusia michezo ya Montreal mwaka 1976? Bingwa akakiri kwamba habari hiyo alikuwa haijui vizuri.

Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo alipanda ulingoni Las Vegas kumkabili Larry Holmes. Alikuwa na miaka 38 na alikuwa amepungua uzito kwa kasi ya kushangaza. Kwa mbali ulimwona Ali wa zamani. Kilichokuwa hakionekani ni kwamba daktari mmoja, akidhani tezi yake imezorota, alikuwa amempa vidonge vya homoni ya tezi viitwavyo Thyrolar, na Ali akameza zaidi ya alivyoelekezwa. Homoni hiyo ikizidi mwilini huyeyusha uzito, huchosha misuli, huupeleka moyo mbio na kuufanya mwili ushindwe kujipoza. Alisimama kwenye joto la jangwani akapigwa bila kujibu, mpaka kona yake ilipolisimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Mwaka 1984 madaktari wa New York wakatamka jina la Parkinson hadharani.

Ni rahisi kumlaumu yule daktari. Lakini mtu aliyelegea, mwenye usemi mzito na mwendo uliopungua, anaweza kuwa na tezi iliyolala, na anaweza kuwa anaingia kwenye Parkinson. Bila kupima damu huwezi kujua. Kosa halikuwa kuifikiria tezi. Lilikuwa kuitibu kwa kukisia.

Je, wajua kuwa Ikulu ya Marekani iliwahi kukaliwa na mume na mke wote wenye ugonjwa wa tezi?

Barbara Bush alitangulia kupatikana na ugonjwa wa Graves, ule unaoifanya tezi itoe homoni kupita kiasi. Mwaka 1991 moyo wa mumewe, Rais George H. W. Bush, ukaanza kudunda bila mpangilio. Alipopimwa, ugonjwa ukawa ule ule. Hauambukizi, kwa hiyo kisa chao kiliwaacha madaktari wakikuna vichwa. Miaka mingi baadaye Bush mzee akatangaza kwamba anaishi na hali inayofanana na Parkinson, inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo, na akamaliza uzee wake kwenye kiti cha magurudumu. Hakuna anayesema kimoja kilileta kingine. Mtu yule yule tu, shingo kwanza, miguu baadaye.

Je, wajua kuwa sweta inaweza kuwa dalili?

Mikumi mwezi wa Oktoba ni joto. Kwenye stendi, hapo magari ya Ifakara yanapoachana na yale ya Iringa, wauza maji ya baridi hawapumziki. Ukimwona bibi amejifunga khanga mbili na sweta juu, analalamika baridi, ngozi yake imekuwa kavu, sauti imekuwa nzito, uso umevimba kidogo chini ya macho, choo anapata kwa shida na majina ya wajukuu yanamponyoka, usikimbilie kusema ni malaria ya siri. Hizo ni alama za tezi iliyopunguza kazi.

Sasa linganisha na mwenye Parkinson. Choo kwa shida, ndiyo. Mwendo wa polepole, ndiyo. Uso usiobadilika hata akichekeshwa, ndiyo. Uchovu, kukosa hamu na usingizi wa mang'amung'amu, ndiyo. Linganisha tena na mwenye sonona na utaona orodha inajirudia karibu nusu yake. Ndiyo maana mtu mwenye Parkinson akizidi kuzorota ghafla, au dawa zikaonekana haziishiki sonona yake, daktari makini huagiza kipimo cha damu kinachoitwa TSH kabla ya kuongeza vidonge. TSH ni ujumbe ambao ubongo huutuma kwa tezi kuiambia iamke. Ukiwa juu sana, maana yake ubongo unapiga kelele na tezi haisikii.

Viko vitu vinavyoyatenga magonjwa haya. Parkinson kwa kawaida huanzia upande mmoja: mkono wa kulia unatikisika na wa kushoto umetulia, au akitembea mkono mmoja unapepea na mwingine umegandamana na ubavu. Tezi haichagui upande. Parkinson huufanya mwandiko uwe mdogo kadiri mstari unavyokwenda. Mwalimu mstaafu anaanza barua kwa herufi za kawaida na kuimalizia kwa herufi za sisimizi. Parkinson pia huiba harufu mapema, pengine miaka kabla ya mtetemo, hata mtu asisikie samaki anapoungua jikoni.

Kuna kingine kinachowachanganya hata walio hospitalini. Dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua katika Parkinson, ina kazi nyingine ya pembeni: huibana ile TSH. Mgonjwa akimeza levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu inayogeuka dopamini kichwani, TSH yake inaweza kushuka kwa muda. Kwa hiyo unapokwenda kupimwa, beba vidonge vyako vyote kwenye mfuko na uviweke mezani. Usiseme tu natumia dawa za mishipa.

Je, wajua kuwa sonona inaweza kufika kabla ya mtetemo?

Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa kiasi cha mtu mmoja kati ya watatu wenye Parkinson ana dalili za sonona zinazostahili kutibiwa. Watu husema, bila shaka, nani asiyehuzunika akiambiwa ana ugonjwa usiopona? Maelezo hayo yana ukweli lakini hayatoshi. Kwa baadhi yao sonona hutangulia kwa miaka, wakati mkono bado umetulia na hakuna aliyewaambia chochote. Ugonjwa huu hauli seli za dopamini peke yake. Unagusa pia zile zinazotengeneza serotonini na noradrenalini, ambazo ndizo zinazobeba hali ya moyo. Yaani huzuni yenyewe ni sehemu ya ugonjwa, sawa na mtetemo.

Daktari James Parkinson wa London, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817 kwa jina la kupooza kwa kutetemeka, hakulipa jambo hili uzito. Aliandika habari za watu sita tu, baadhi yao aliowaona barabarani, na mmoja alimtazama kwa mbali bila hata kumgusa. Katika maelezo yake alisisitiza kwamba akili na milango ya fahamu hubaki salama. Alikuwa mtu wa mambo mengi: alikusanya visukuku vya viumbe wa kale, aliandika vijitabu vya siasa kwa jina la bandia, na mwaka 1794 alihojiwa mbele ya wakubwa wa serikali juu ya njama iliyodaiwa kupangwa ya kumuua Mfalme George III. Ugonjwa ulikuja kupewa jina lake baadaye na Mfaransa, Jean-Martin Charcot.

Huku kwetu, kinachoificha sonona ya mzee ni adabu. Mzee aliyekuwa akigomba kila jioni anapoacha kugomba, familia hufurahi: siku hizi babu amekuwa mpole. Hali chakula, anasema ameshiba. Akiulizwa hali anajibu namshukuru Mungu, kwa kuwa hilo ndilo jibu. Uso wa Parkinson nao hauonyeshi kitu, hivyo hata machozi yakikaribia hakuna anayeyaona. Swali linalofaa si "una huzuni?" Ni "ni kitu gani ulikuwa unakipenda na sasa hukitaki tena?" Ukishajua kwamba aliacha kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili, au kwamba hataki hata kuliona shamba lake la mpunga, umepata pazuri zaidi pa kuanzia kuliko kumhoji moyo wake.

Je, wajua kuwa watafiti walipita nyumba kwa nyumba Kilimanjaro wakiwatafuta wenye Parkinson?

Ilikuwa wilaya ya Hai, katikati ya muongo wa 2000. Madaktari wa Tanzania na wa Uingereza, wakiwamo Catherine Dotchin na Richard Walker, walitumia wahesabu watu walioizoea wilaya hiyo kuuliza maswali katika eneo lenye wakazi 161,071. Walipatikana wagonjwa 33. Ni wachache, na sababu moja ni kwamba nchi yetu ni ya vijana ilhali ugonjwa huu hupenda waliovuka miaka 60. Lakini si idadi iliyowashtua. Zaidi ya robo tatu ya watu hao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote wa afya kwamba wana Parkinson. Walikuwa wakitetemeka, wakianguka, wakilishwa na watoto wao, bila jina la kinachowasibu wala kidonge.

Baadaye baadhi yao walihojiwa wao wenyewe na jamaa zao. Walikuwa wanauita ugonjwa wa kutetemeka, na maelezo ya chanzo yalikuwa mengi: uzee, mawazo, kazi ngumu, kurogwa. Ukifika Buganda utakuta maelezo ya aina yake kabisa. Huko kutetemeka kulihesabiwa kuwa adhabu ya mkwe aliyevunja mwiko na mama mkwe wake, kwa kumgusa au kukaribiana naye isivyopasa, na hali hiyo inaitwa obuko. Ndiyo maana chama kimoja cha wagonjwa nchini Uganda kimejiita Parkinson's Si Buko. Fikiria mzee wa watu anayetetemeka huku majirani wanamtazama kwa jicho la "alifanya nini na mkwewe?" Sonona hapo inatafutiwa kemikali za nini.

Watafiti wa Hai walijaribu pia jambo dogo lililowapendeza wengi. Watu ambao hawakuwa wakitumia dawa walifundishwa kutembea wakifuata mdundo, na mwendo wao ukaboreka. Wenye Parkinson wengi hukwama mlangoni kana kwamba miguu imegundishwa sakafuni, lakini ngoma ikilia, au ukimchorea mistari chini avuke mmoja mmoja, miguu hukumbuka kazi yake. Mzee wa Kilosa aliyekulia kwenye ngoma anaweza kuwa na tiba ya mwendo kichwani mwake bila kujua.

Je, wajua kuwa upupu una dawa ya Parkinson ndani yake?

Ndiyo, upupu huu huu. Ule unaotambaa vichakani mwa Mikumi na Kilosa, wenye maganda ya manyoya ya dhahabu ambayo yakikudondokea shingoni utavua shati mbele za watu. Mbegu zake zina levodopa, kwa kawaida kiasi cha asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake. Wanakemia wa India waliibainisha humo mwaka 1937, miaka 30 kabla George Cotzias hajaonyesha Marekani kwamba levodopa kwa dozi kubwa huwainua wagonjwa. Kabla ya hapo, mwaka 1913 mwanasayansi Markus Guggenheim, aliyeichuja kutoka kwenye maharagwe mapana, aliijaribu kwa kumeza mwenyewe gramu mbili na nusu. Alitapika vibaya sana.

Nchini Bolivia, mwaka 2017, watafiti walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 18 waliopewa unga wa upupu uliokaangwa, na dozi moja ilifanya kazi vizuri kama dawa ya kiwandani. Walipoutumia kwa wiki kadhaa, baadhi waliuacha kwa kuwa tumbo liliwasumbua au mwendo uliwaharibikia. Kwa hiyo habari hii si ruhusa ya kwenda kichakani na panga. Mbegu moja haifanani na nyingine kwa nguvu, levodopa ikizidi huleta maruweruwe na kuchezacheza kwa viungo, na ukichanganya na vidonge vya hospitali umejiongezea dozi bila kujua. Lakini kwa nchi ambayo vidonge hivi ni adimu na ghali kwa mtu wa kijijini, mtu anaelewa kwa nini watafiti wanautazama upupu kwa hamu.

Miti mingine huenda upande wa pili. Wachaga hutia magome ya msesewe kwenye mbege ili ipate uchungu. Msesewe ni wa ukoo wa Rauvolfia, na kutoka mti wa ukoo huo wa India ndiko ilikotolewa reserpini mwaka 1952, dawa ya shinikizo la damu iliyotikisa sayansi ya ubongo. Waliotumia reserpini kwa wingi, baadhi walianza kutetemeka na kukakamaa kama wenye Parkinson, na baadhi wakaangukia sonona. Msweden Arvid Carlsson aliwapa sungura reserpini wakalala kama gogo, kisha akawadunga levodopa wakainuka. Ndivyo ilivyojulikana, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba dopamini ndiyo inayoendesha mwendo. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mbege haina kesi hapa. Msesewe ni jamaa tu wa mtuhumiwa.

Dawa za leo ndizo za kuangaliwa zaidi. Haloperidoli na klopromazini za wagonjwa wa akili, na hata metoklopramidi inayotolewa kuzuia kutapika, huifunga njia ya dopamini na zinaweza kuleta mtetemo na ukakamavu unaofanana kabisa na Parkinson. Zikiachwa kwa ushauri wa daktari, mara nyingi hali hupungua. Na kwa mwenye Parkinson kweli, sindano moja ya kuzuia kutapika inaweza kumrudisha nyuma. Mwambie mhudumu kabla hajaivuta.

Je, wajua kuwa kupungua kwa rovu nchini kuliletwa na chumvi?

Miaka ya 1980 karibu robo ya Watanzania waliopimwa walikuwa na tezi ya shingo iliyovimba, yaani rovu. Maeneo ya milimani ndiyo yaliyoathirika zaidi, kwa sababu mvua za karne nyingi zimeyasomba madini joto kutoka kwenye udongo na kuyapeleka baharini. Mikumi imezungukwa na milima, Uluguru upande mmoja, Udzungwa na Rubeho pande nyingine, na anayekula mazao ya shamba lake tu anakula kile udongo wake ulichonacho. Tezi ikikosa madini joto hujikuza ili inase hata chembe iliyopita. Hicho ndicho kiuvimbe unachokiona kwenye shingo za bibi wengi, kikipanda na kushuka wanapomeza mate.

Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizozidiwa, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi yote ya chakula itiwe madini hayo. Utafiti wa kitaifa wa 2004 ulikuta rovu limeshuka hadi asilimia 7, na kaya zaidi ya nane katika kila kumi zina chumvi yenye madini joto. Ni moja ya kazi kubwa za afya zilizowahi kufanyika nchini, na ilifanyika kimya kimya, kwa kijiko.

Tazama pakiti dukani: imeandikwa chumvi yenye madini joto. Tazama pia ile chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo chini ya mwavuli, bila maandishi. Ndiyo inayonunuliwa na asiye na hela ya pakiti. Hata ya pakiti ina masharti: madini joto hupotea kwa jua, unyevu na moto mrefu. Mama anayeiweka wazi kando ya jiko, halafu akaitia kwenye maharage tangu yanapoanza kuchemka, anabakiza chumvi na kuyaaga madini. Ifunike, na uitie mwishoni.

Wapemba wao waliwashangaza wataalamu. Ilidhaniwa mla samaki wa baharini hawezi kukosa madini joto. Watoto walipopimwa mwanzoni mwa muongo wa 2000, rovu lilikutwa kwa takriban theluthi moja ya waliopimwa Pemba, na kaya zenye chumvi ya madini joto zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Chumvi walikuwa wanaitengeneza wenyewe kutoka bahari iyo hiyo, na kukausha tu maji ya bahari hakuleti madini joto ya kutosha.

Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kiliwapa watafiti fumbo lingine tangu miaka ya 1960. Madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na kuwa dogo kusini-magharibi. Tofauti ilikuja kuonekana kwenye sahani: muhogo. Muhogo usiotayarishwa vizuri huacha sianidi kidogo ambayo mwili huigeuza kuwa tiosianeti, nayo huizuia tezi kunasa madini joto. Wanaouloweka, kuuvundika na kuuanika juani wanaondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Pale wanapoharakisha kwa njaa au kwa soko, shingo hulipa.

Na Kivu hiyo hiyo, katika miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipoingia kwa wingi, baadhi ya watu wenye rovu la siku nyingi walianza kukonda, mioyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Tezi iliyozoea njaa ilipopewa chakula ilikifanyia fujo. Si sababu ya kuiogopa chumvi, maana wengi waliokolewa, ila mwenye uvimbe mkubwa wa zamani shingoni akianza kutetemeka asipewe jibu la uzee kabla hajapimwa.

Je, wajua kuwa dawa ya kwanza ya tezi iliyolala ilitoka machinjioni?

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle alitengeneza maji ya dawa kutokana na tezi za kondoo na kumdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amevimba, amepoa na kupumbaa. Akarejea hali yake, akaishi miaka 28 zaidi. Mwaka uliofuata madaktari wengine waligundua kwamba hata sindano si lazima. Mgonjwa anaweza kuila tezi yenyewe, ikakaangwa kidogo. Kabla ya hapo, ripoti ya madaktari wa London ya mwaka 1888 ilikuwa imeshaona kwamba karibu nusu ya wenye tezi iliyokufa waliona au kuamini mambo yasiyokuwapo. Wengine waliishia kufungiwa na vichaa, ilhali walichokosa ni homoni.

Leo ni kidonge kidogo cha levothairoksini kila asubuhi. Hapo ndipo mwenye magonjwa yote mawili anapoanza kupigana na saa ya ukutani. Levothairoksini inataka tumbo tupu, maji matupu, na nusu saa au zaidi kabla ya chai, kwa sababu maziwa na kahawa huipunguza. Levodopa nayo inagombea mlango na nyama, maharage na maziwa, kwa hiyo inamezwa nusu saa kabla ya chakula, si pamoja na sahani ya nyama choma ya barabarani. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma huzibana zote mbili: viwekwe mbali, na kwa ile ya tezi mbali maana yake ni muda wa saa nne. Majina yao yanaanza sawa, levo na levo, na mwandiko wa cheti unaweza kuwa mbaya. Anayekwenda kumchukulia babu dawa duka la dawa la Mikumi, au Morogoro kama Mikumi zimekwisha, asome jina lote hadi herufi ya mwisho kabla ya kutoa pesa.